Siku moja na antibodi ya panya

Feni ikinyamaza, naamka. Ni saa tisa na kitu usiku, mtaa wetu wa Chikongola, Mtwara, kimya, jasho limeshaanza kutoka, na kinachonijia kichwani si joto bali friji ya maabara. Humo nimelaza karatasi ya nitroselulosi yenye ukubwa wa kiganja, iliyobeba protini za damu tunayoipima, inaogelea kwenye antibodi tangu jana jioni. Nikageukia upande wa pili. Saa ile ningefanya nini?

Saa 1:15 asubuhi bajaji inanishusha getini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umerudi saa kumi na moja na nusu."

Sijamuuliza umeme, lakini mlinzi wetu ananijua. Friji inasoma nyuzi 12 badala ya 4. Karatasi haina neno, uvuguvugu wa saa mbili tatu antibodi inauvumilia. Ninachokimbilia ni kijichupa chenyewe cha antibodi, mikrolita 100 tu, kilichofukiwa ndani ya friza katikati ya chupa za maji ya barafu. Bado zimeganda. Alhamdulillahi. Kikiharibika hicho, kusubiri kingine ni kusubiri meli.

Nieleze kidogo, maana nyumbani wanadhani nafuga panya. Tunachunguza kimeng'enya cha G6PD, kile kinacholinda chembe nyekundu za damu. Mwenye upungufu wa kimeng'enya hicho akipewa primakwini, dawa ya malaria, chembe zake zinaweza kupasuka hadi mkojo ukawa mweusi. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, ndiyo maana wanaume ndio wanaokumbwa zaidi. Kukitafuta tunatumia antibodi, au kingamwili kama vitabu vinavyosema, iliyotoka kwa panya mweupe. Panya anadungwa kimeng'enya cha binadamu, mwili wake unakiona mgeni na kutengeneza kingamwili. Kisha seli za wengu wake zinaunganishwa na seli za saratani ambazo hazichoki kuzaliana. Njia hiyo waliibuni Köhler na Milstein kule Cambridge mwaka 1975, wakapata Nobel mwaka 1984. Seli moja ikichaguliwa, ukoo wake wote unatoa kingamwili ya aina ile ile, inayoshika sehemu ile ile. Nikiagiza tena mwakani, naagiza kwa jina la ukoo huo.

Saa 2. Kuosha. Dakika kumi, mwaga bafa, yaani maji ya kuoshea karatasi, weka mpya, mara tatu. Hapa wanafunzi wa mafunzo ndipo wanapokata kona, halafu karatasi yote inatoka imepakaa rangi kama shuka la mkaa.

Saa 3 naweka antibodi ya pili. Hii ni ya mbuzi, kazi yake kuikamata ile ya panya, na mgongoni imebeba kimeng'enya kilichotolewa kwenye mzizi wa mmea wa jamii ya figili. Jana kabla ya yote hayo niliziba nafasi tupu za karatasi kwa maziwa ya unga. Panya, mbuzi, figili, maziwa ya ng'ombe: ni mchuzi kamili. Na nasema tena hapa kwa yule anayejijua: kopo lililoandikwa MAABARA si la chai.

Saa 4 mama wa chapati anapita na beseni, leo ana ming'oko pia. Ni mtu wa Newala.

"Mwanangu, hao panya wenu mnawachinja siku gani?"

"Hawapo hapa mama. Wako nje ya nchi, sisi tunaletewa maji yao tu."

Akanitazama kwa huruma. "Yaani kitoweo wamebaki nacho wao."

Sikuwa na jibu. Ming'oko ilikuwa mitamu.

Saa 5:20. Hii ndiyo dakika ninayoipenda. Namimina rangi, inayogeuka kahawia pale kilipo kile kimeng'enya cha figili, glavu mbili mbili kwa sababu kemikali hiyo si ya kuchezea, na nainamia sahani. Kwanza hakuna kitu. Halafu mstari wa kahawia unaanza kujichora, mwembamba, kidogo chini ya alama ya kilodaltoni 60, kipimo cha uzito wa protini. G6PD ina 59 hivi, ndiye. Njia ya seli zilizoondolewa jeni ya G6PD, yaani safu yao kwenye karatasi, ni nyeupe pe. Bila njia hiyo nyeupe mimi siamini mstari wowote, hata lebo ya chupa iape vipi.

Kipande cha chini cha karatasi nilikikata jana na kukipa antibodi nyingine ya panya, ya GAPDH, kimeng'enya chenye kilodaltoni 37 hivi ambacho kila sampuli inapaswa kuwa nacho karibu sawa. Mistari yake inalingana kote, maana yake damu niliipakia sawasawa. Sampuli namba 5 ina G6PD hafifu, na juzi kipimo cha utendaji, kile cha kuona kimeng'enya kinafanya kazi kiasi gani, kilisema hivyo hivyo. Lakini namba 6! Utendaji wake ulikuwa chini sana, ila mstari wake ni mnene kuliko wote.

Moyo ulinienda mbio. Antibodi hukitambua kimeng'enya kwa kipande chake kidogo, haikiulizi kama kiko kazini. Kwa hiyo huenda huyu anacho tele lakini kimelala. Kwa nusu saa nilikuwa nimeshaandika kichwani barua kwa msimamizi wangu.

Saa 8, baada ya kula, nikafungua daftari. Jumanne, mwandiko wangu mwenyewe: "Na. 6 imesahaulika mezani, umeme hakuna, imepimwa jioni." Damu ilikaa kwenye joto la Mtwara mchana kutwa. Utendaji umekufa, protini yenyewe imebaki, na karatasi yetu inaona kwamba ipo tu. Hakuna ugunduzi. Kuna chupa iliyosahauliwa na mimi.

Saa 9 nikampigia mwenzetu wa kijijini.

"Kaka, samahani, yule mzee namba 6 tunamhitaji tena."

"Dada, msimu huu? Yuko shambani Nanguruwe anaokota korosho. Mpaka Ijumaa."

"Mwambie kosa ni letu."

"Nitamwambia ni lako."

Saa 10:30 nikajaza maji chupa nne zaidi na kuzipanga kwenye friza.