Mkono usiotulia: nilivyopata vipimo vya sumaku kwa mgonjwa wa Parkinson

Kwenye makala za kitaalamu, kumfanya mtu alegeze misuli ili ubongo wake upimwe kwa sumaku ni jambo linalomalizwa kwa sentensi moja: mhusika alikaa kwenye kiti, misuli ikiwa imelegea. Anayeandika hivyo ama alipima wanafunzi wenye afya zao, ama anaficha kazi iliyomla asubuhi nzima. Mimi nilipokuwa London nikifanya utafiti wa uzamivu juu ya ubongo wa watu wenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo, huko kulegea kwa msuli ndiko kulikonitoa jasho.

Chombo chenyewe cha kupimia si kipya. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield walikionyesha mwaka 1985. Koili ya waya inawekwa juu ya kichwa, umeme mwingi unapita ndani yake kwa muda mfupi mno, na sumaku inayozaliwa inapenya fuvu na kuzua mkondo mdogo wa umeme kwenye gamba la ubongo. Ukiipata sehemu inayoongoza mkono, kidole kinaruka chenyewe. Elektrodi zilizobandikwa kwenye msuli ulio kati ya kidole gumba na cha shahada zinanasa mruko huo. Kipimo cha msingi ni nguvu ndogo kabisa ya sumaku inayotoa jibu la angalau mikrovolti 50, mara 5 kati ya 10, msuli ukiwa umepumzika.

Sasa mwenye Parkinson mkono wake hutetemeka hasa pale unapopumzika, mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Na msuli unaokaza hujibu kwa nguvu kuliko uliolegea, kwa hiyo ukipima hivyo hivyo unajidanganya. Juu ya hayo, tuliwaomba waje bila kumeza dawa yao ya levodopa tangu jana yake jioni, ili tuuone ugonjwa bila dawa. Wanakufikia wakiwa hoi.

Mmoja alikuwa mzee wa Unguja, mkazi wa Uingereza wa miaka mingi. Alifurahi kumpata wa kuzungumza naye Kiswahili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sumaku hiyo haitanivuta akili?"

"Haivuti, mzee wangu. Ila saa na kadi ya benki tuviweke mbali."

Nikamuuliza maswali ya usalama: ana chuma kichwani? Kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo? Amewahi kupata kifafa? Hana. Nikamwekea mto chini ya mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, usiwe na uzito wa kujibebea. Kisha nikaunganisha mashine inayosoma umeme wa msuli na spika. Msuli ukikaza, spika inalia kama mvua juu ya bati, ukilegea, kimya.

"Mvua hiyo ni wewe, mzee. Jaribu kuikatisha."

Akaanza kuichezea. Anashusha bega, anapumua, mvua inapungua. Ilikuwa rahisi kuliko kumwambia "tulia", neno ambalo kwa mwenye Parkinson ni karibu na tusi. Wapo wanaomshughulisha mgonjwa kwa hesabu za kichwani ili ajisahau. Hapa usithubutu, hesabu huzidisha mtetemo. Usimwache asinzie pia. Mtetemo utaisha, sawa, lakini ubongo unaosinzia si ule uliokuja kuupima. Mazungumzo mepesi ndiyo yaliyotufaa, bei za samaki Darajani na kadhalika, nami nikipiga sumaku pale tu spika inaponyamaza. Na kwa kuwa sikio nalo hudanganyika, programu ilikagua kila rekodi baadaye na kutupa zile ambazo msuli ulikuwa na kelele kabla ya pigo. Zilitupwa nyingi. Sioni aibu kutupa. Naogopa zaidi utafiti usiosema umetupa ngapi.

Tulipomaliza akauliza kama kutetemeka kutaisha sasa. Nikamweleza kuwa mapigo ya leo ni ya kupima tu. Yapo ya kurudiarudia yanayojaribiwa kama tiba, na baadhi ya wagonjwa hupata wepesi kwa muda, ila hayajachukua nafasi ya dawa.

"Basi nipe vidonge vyangu," akasema, "na chai, isiwe ya Kizungu."