Risasi za .22-250 zilizokuwa zikitua ubavu

Hapa Montana, kwa ruhusa ya mwenye ranchi, tunawinda prairie dog, jamaa wa kuchakulo wanaochimbachimba malisho. Bunduki yangu ni ya mkono wa pili, ya risasi za saizi ya .22-250 Remington, na risasi najaza mwenyewe. Nilipojaribu vichwa (sehemu ya risasi inayoruka) virefu vya greni 75, yaani karibu gramu 5, shabaha ya karatasi kwenye yadi 100 ikaanza kutoboka matundu marefu kama ya funguo. Kichwa kilikuwa kinafika kimelala ubavu.

Baruti nilipima upya, maganda nikayakagua: yote sawa. Basi nikaugeukia mtutu, ambao ndani una mifereji iliyojipinda ya kukizungusha kichwa. Bunduki ikiwa tupu, nilisukuma ndani ufito wa kusafishia wenye kitambaa kilichobana, nikautia alama juu, nikaangalia umeingia kiasi gani hadi mifereji iuzungushe mara moja na alama irudi juu. Inchi 14 hivi. Hapo ndipo penye jibu, maana kinachoamua ni urefu wa kichwa kuliko uzito wake: kirefu kinahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi, na mzunguko mmoja kwa inchi 14 haukitoshi.

Nikahamia vichwa vifupi vya greni 55, vyenye ganda jembamba la shaba. Matundu yakawa duara safi, tena yamekaribiana. Vichwa hivi huvunjika vipandevipande vikigusa kitu, hivyo hatari ya kudunda ardhini inapungua, jambo kubwa sana palipo na ng'ombe.

Ukibadilisha kichwa, tafadhali anza na kipimo cha chini cha baruti kilichoandikwa kwenye mwongozo wa kichwa hicho.