Baharia wa Pumwani

Babu yangu alitumikia vita vya Hitler tangu 1942 hadi vilipokwisha, na hakuwahi kumwona adui hata kwa mbali. Hakupiga risasi isipokuwa kwa mazoezi. Hakujeruhiwa, meli yake haikuzama, hakuchukuliwa mateka. Katika ukoo wetu kulikuwa na mzee mwingine, nduguye bibi, aliyefika Burma na King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, akarudi na kovu shavuni, na huyo ndiye aliyeitwa mzee wa vita. Babu alisemwa tu kwamba wakati ule alikuwa Mombasa, kana kwamba alikwenda kuuza nazi.

Nimeyawaza haya wiki hii kwa sababu ya medali yake, ambayo imezua maneno kati ya ami na shangazi. Nitafika huko. Kwanza nataka kuandika kazi yenyewe ilivyokuwa, maana wajukuu wengi hawaijui, na mimi niliipata vipande vipande nikiwa mtoto, uani kwake Pumwani, Nairobi, yeye akiunga kamba na mimi nikimshikia ncha.

Alikuwa Mdigo wa Msambweni. Alipovuka Likoni kwenda kujiandikisha hakuwa hata na ndevu. Jeshi la akiba la wanamaji la Kenya lilikuwa limeundwa Mombasa mwaka 1933, dogo tu, na vita vilipoanza likawekwa chini ya jeshi la majini la Uingereza. Kabla ya 1942 pengine wangempa ulinzi wa gati na kumsahau. Lakini Aprili mwaka huo ndege za Japani zilipiga bandari za Ceylon, Sri Lanka ya leo: Colombo tarehe 5, na Trincomalee tarehe 9, zikazamisha manowari kadhaa za Waingereza, ikiwemo Hermes, iliyokuwa ya kubebea ndege. Admirali Somerville, mkuu wa manowari za Waingereza huko, akaziondoa meli zake kubwa za zamani upande ule wa bahari na kuzileta Kilindini, bandari ya Mombasa. Mji uliokuwa umezoea majahazi ya msimu ukaamka na kuona manowari zenye mizinga mirefu kuliko mnazi.

Sasa, meli hizo zote zilipita mlango mmoja. Ukitaka kuiziba Kilindini huhitaji kupigana. Tupa mabomu machache ya majini kwenye mkondo usiku, uende zako. Kazi ya Babu ilikuwa hiyo: kuhakikisha kila siku kwamba hakuna aliyefanya hivyo.

Aliieleza vizuri sana, na nadhani ndiyo sehemu ya maisha yake aliyopenda kueleza. Bomu la namna ile lina hewa ndani, linataka kuelea. Linafungwa kwa waya kwenye uzito ulio chini kabisa ya bahari, nalo hubaki limesimama majini, chini kidogo ya uso, lisionekane. Meli ndogo ya kusafisha njia huburuta waya mrefu kutoka tezi, yaani nyuma yake. Mwisho wa waya huo kuna boya lenye umbo la samaki, na chini yake kibao kinachouvuta waya uende upande, usifuate nyuma ya meli moja kwa moja. Katika waya kuna meno ya kukatia. Waya ukilikuta bomu, unateleza juu ya kamba yake ya chuma mpaka meno yaishike na kuikata. Bomu linaibuka juu, na hapo watu wanalipiga kwa bunduki kutoka mbali mpaka lilipuke au litoboke na kuzama.

"Na nyinyi mlilipua mangapi, Babu?"

"Hata moja."

Nilisikitika sana siku ile. Nilikuwa nimeshawaambia watoto wa mtaani kwamba babu yangu alikuwa akilipua mabomu. Yeye hakuonekana kusikitika. Alisema waya ule ulikuwa mzito, umejaa grisi, na nyuzi zake zilizokatika zilichoma viganja hata kupitia glavu. Ulitupwa asubuhi, ukavutwa, ukaoshwa, ukakaguliwa nyuzi kwa nyuzi, ukaungwa palipolika. Kesho yake tena. Sarangi wao, mkuu wa mabaharia, alikuwa mtu wa Lamu asiyesema sana, na mtu akiunga waya vibaya aliufungua wote mbele ya wenzake, akamwachia aanze upya. Chakula kilikuwa ugali na maharage, Ijumaa samaki. Mshahara ulipangwa kwa rangi ya mtu, na kila mmoja aliujua wa mwenzake.

Kitu kingine alichokuwa akikitaja ni shule ya Allidina Visram. Wazungu waliichukua, wakaweka ulinzi, na mabaharia wakaambiwa wasisogee. Babu alidhani wamefungiwa wagonjwa wa akili humo, kwa vile walitoka nje saa zisizo za kawaida wakiwa wamechoka, hawasalimii mtu. Alikufa bila kujua kwamba walikuwa wakivunja misimbo, maandishi ya siri ya adui. Hapo Mombasa ndipo ulipovunjwa, mwishoni mwa 1942, msimbo wa meli za biashara za Japani. Ningetoa kitu kizuri niweze kumwambia hilo, nione atakavyocheka.

Kuna siku moja tu ambayo hakuisimulia kwa kucheka. Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria uliondoka Kilindini kwenda Colombo, ukisindikizwa na manowari Hawkins. Meli moja iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake kulikuwa na wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi cha 301, karibu watu 1,000, pamoja na wauguzi wanawake na mabaharia wa Uingereza. Babu na wenzake walikuwa wamesafisha mkondo asubuhi ile kama kawaida. Walikaa kando, meli zikapita. Wale wa mizinga walikuwa wamejaa kwenye ukingo wakiimba, wengine Wakamba, wengine watu wa Tanganyika, na wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kuona bahari. Mmoja alipiga kelele kwa Kiswahili cha bara akiwauliza mabaharia kama maji yale yana mwisho. Wakamjibu kwamba yana mwisho, aende tu.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa makombora mawili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Katika watu zaidi ya 1,500 waliokuwemo, walipona 200 na ushei tu. Na jambo ambalo hata leo nikilisoma naweka kitabu chini: nyambizi ilijificha chini ya walionusurika, na manowari za ulinzi, Petard na Paladin, zilikuwa na meli nyingine nne za kulinda. Petard ikaangusha mabomu yake ya kina, yale yanayolipukia chini ya maji, mahali palepale watu walipokuwa wakiogelea. Nyambizi hatimaye ilizamishwa pia.

Fununu zilifika Kilindini kwa mabaharia kabla ya kufika kwa mtu mwingine yeyote. Babu alisema kesho yake waliutupa waya kama kawaida na hakuna aliyeongea. Halafu sarangi, yule wa Lamu, akasema njia yetu ilikuwa safi. Akairudia. Babu aliyakumbuka maneno hayo miaka yote, na mimi nimeyafikiria kwa namna mbili. Ukiwa na chuki unaweza kuyaona ni ya mtu anayejivua lawama. Mimi naona alikuwa anawapa vijana wake sababu ya kuvuta waya siku hiyo. Waliokufa walikufa mbali, katika bahari ambayo hakuna waya unaoifikia, lakini katika mlango wa Mombasa walipita salama, na kupita kwao salama kulikuwa na watu nyuma yake.

Hilo ndilo ninalobishana nalo kichwani kila nikipita Kenyatta Avenue penye wale watu watatu wa shaba waliosimamishwa hapo mwaka 1928. Kuna askari, kuna mpagazi, kuna mpiga bunduki. Najua sanamu ile ni ya vita vya kwanza na Babu hakuwa amezaliwa wakati huo wa vita. Lakini ndiyo sura ya vita tuliyo nayo Nairobi: mtu wa miguu, mwenye bunduki au mzigo. Baharia hatumjui, kwa kuwa hatuna bahari. Na baharia ambaye kazi yake ikifanikiwa hakuna kinachotokea, huyo utamchonga akifanya nini?

Wapiga mizinga waliokufa kwenye Khedive Ismail wana mahali pao, kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita, Ngong Road. Nilikwenda Novemba iliyopita, siku ya pili baada ya shughuli ya Jumapili ya kumbukumbu, mashada bado mabichi. Majina yamepangwa kwa vikosi. Nilisoma ya wapiga mizinga mpaka miguu ikauma, nikijaribu kukisia ni yupi aliyeuliza kuhusu mwisho wa maji.

Baada ya vita Babu alipewa karatasi ya kuachishwa na pesa kidogo. Ardhi walipewa wanajeshi wa Kizungu. Msambweni alikaa muda mfupi, akapanda treni kuja Nairobi kwa sababu karakana ya reli ilitaka watu wanaojua kuunga waya za winchi. Huko ndiko alikostaafia. Kwa hiyo ujuzi wa baharini ulimlisha maisha yake yote, karibu kilomita 500 kutoka kwenye maji ya chumvi.

Aprili 1954, Waingereza walipouzingira mji kuwasaka Mau Mau, alikamatwa na wenzake njiani kwenda kazini. Waliketishwa chini, mikono kichwani. Afisa kijana akasoma karatasi yake ya jeshi, ambayo kwenye tabia iliandikwa nzuri sana, akamwambia inuka, nenda. Kando yake alikuwa jirani yake, Mkikuyu, aliyekuwa sajini Burma. Naye alikuwa na karatasi. "Yake ilikuwa nzuri kuliko yangu," Babu alisema. Jirani alipelekwa kambi ya kizuizi ya Lang'ata na kutoka hapo ya Manyani. Aliporudi miaka kadhaa baadaye hawakuwahi kulizungumza, ila Babu alimlipia mwanawe karo ya shule.

Jumapili, baada ya kustaafu, alikuwa na tabia ya kupanda basi hadi bwawa la Nairobi, lile la karibu na Kibera. Siku hizi gugu maji limelifunika, ukimwambia mtoto kwamba watu walishindana humo kwa matanga atadhani umelewa. Babu aliketi ukingoni akiwakosoa. Huyu tanga lake limelegea, yule hajui upepo. Mara moja alinichukua. Mzungu mmoja alipopinduka, Babu alifurahi mpaka ikabidi nimvute kanzu.

Sasa medali. Ni ile ya vita iliyotolewa kwa kila mtu, ya rangi ya fedha, utepe mwekundu, buluu na mweupe. Upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Sita, upande wa pili simba amelikanyaga joka lenye vichwa viwili. Haina jina la mtu. Waingereza hawakuchonga majina kwenye medali za vita vile. Ami anataka iwekwe kwenye fremu sebuleni kwake South C, pamoja na picha. Anasema wageni waone kwamba na sisi tulikuwepo. Huyu huyu ami ndiye aliyekuwa akisema zamani kwamba baba yake hakupigana.

Shangazi hataki. Anasema Babu aliivaa mara moja tu, alipokwenda kumdai msimamizi wa karakana nyongeza ya mshahara, na hakuipata. Hata usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, alipokwenda kuona bendera ikipanda, aliiacha nyumbani. Alipoulizwa akajibu kwamba ile ni ya mfalme, na leo si sherehe yake.

Kwa upande wangu ningeweka kwenye fremu ile karatasi, iliyoandikwa jina lake na kazi yake, na medali ikae itakapokaa. Nimelisema hili na wote wawili wamenikasirikia. Kwa sasa iko kwa shangazi, ndani ya kopo la Blue Band pamoja na vifungo na risiti za maji. Ami ameahidi kulileta tena suala hili Idi ijayo, na kila upande umeshanipigia simu kunitaka niwe shahidi wake.