Flin Flon: mgodi umefungwa, timu ipo

Tuliondoka Winnipeg saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, baridi ya nyuzi 31 chini ya sifuri. Gari lilikuwa la rafiki yangu, Mkongomani wa Bukavu ninayefanya naye kazi ghala moja. Nyuma tulipakia mablanketi, koleo la theluji, chupa mbili za chai ya tangawizi na chapati za mke wake, bado zina moto. Mbele yetu kulikuwa na kilomita 760 hivi hadi Flin Flon, mji wa watu wapatao 5,000 pale jimbo la Manitoba linapopakana na Saskatchewan. Tulikuwa tunakwenda kuangalia mechi ya vijana.

Wenzetu kazini walishangaa. Kutwa nzima barabarani kwa ajili ya vijana wa miaka 16 hadi 20 wanaocheza mpira wa magongo juu ya barafu? Lakini mimi nimekulia Mwadui, Shinyanga, mtoto wa mfanyakazi wa mgodi wa almasi. Aliyeugundua mgodi ule mwaka 1940 ni John Williamson, mjiolojia aliyetoka hukuhuku Kanada. Timu yetu, Mwadui FC, ilipanda Ligi Kuu 2015 ikashuka 2021, na siku iliposhuka nilikuwa Winnipeg, peke yangu jikoni, nikalia kama mtu aliyefiwa. Kwa hiyo niliposikia kwamba kaskazini kuna mji ambao mgodi wake umefungwa na timu yake, Bombers, bado inacheza, umri wake ukihesabiwa tangu 1927, sikutulia mpaka nikaenda.

Njia ni Barabara Namba 6, inapanda kaskazini kati ya maziwa, kisha Namba 60 inayokata magharibi, kisha Namba 10 kupitia mji wa The Pas. Kulipokucha tuliona misonobari mifupi pande zote mbili na theluji ikipeperushwa juu ya lami kama vumbi la kiangazi. Mwenzangu aliendesha taratibu akiwaogopa kulungu wakubwa wa huku, wenye miguu mirefu kiasi kwamba gari likimgonga mmoja, kiwiliwili chake chote kinaangukia kioo cha mbele. Tulimwona mmoja amesimama kando, mvuke ukimtoka puani. Hakutujali.

Baada ya The Pas ardhi inabadilika. Udongo unapungua, mwamba unatokeza, hadi unapofika Flin Flon hakuna tena pa kuchimba shimo. "Ndugu, hii inchi yote iko majiwe," mwenzangu alisema. Ni kweli. Mabomba ya maji na maji taka hayakuweza kuzikwa, kwa hiyo sehemu nyingi yanapita juu ya ardhi ndani ya masanduku marefu ya mbao, na watu wanatembea juu yake kama njia ya miguu. Nyumba zimeng'ang'ania vilima vya mawe kama mbuzi. Na juu ya yote kuna bomba la moshi la kinu cha kuyeyushia shaba, mita 251, lililojengwa 1974. Halitoi moshi. Kinu kilifungwa 2010.

Jina la mji lilitoka kwenye riwaya ya bei rahisi ambayo watafuta madini walikutana nayo porini. Mhusika wake mkuu, Josiah Flintabbatey Flonatin, anazama katika ziwa lisilo na mwisho na kukuta nchi ya dhahabu. Ana sanamu mlangoni mwa mji. Lakini aliyemwonyesha mtafutaji Tom Creighton mawe yenye madini ni David Collins, mwindaji wa Cree, kabila la wenyeji wa asili wa huku, na nilitamani naye angesimamishwa pale, ukubwa uleule.

Uwanja unaitwa Whitney Forum, jina la familia ya matajiri wa Marekani waliotoa mtaji wa mgodi. Kwa nje ungedhani ni ghala la pamba. Mlangoni alikaa mzee mmoja, mchimbaji mstaafu, akiuza tiketi za bahati nasibu: nusu ya makusanyo anachukua mshindi, nusu inabaki kwa timu. Tulizungumza naye kwa Kiingereza, ila mwenzangu alimwita "Papa" tangu mwanzo na mzee akaipokea heshima hiyo bila kuuliza. Aliposikia tumetoka Winnipeg kwa ajili ya mechi tu, alimpa mwingine kiti chake akatushika mikono, kutuzungusha ukutani kwenye picha.

Picha aliyoanza nayo ni ya 1957. Mwaka huo Bombers walitwaa Kombe la Memorial, ubingwa wa vijana wa Kanada nzima, baada ya mechi saba dhidi ya vijana wa Ottawa waliokuwa chini ya mwavuli wa klabu ya Montreal Canadiens. Ya saba ilichezwa Regina. Nahodha alikuwa Ted Hampson, mzaliwa wa kijiji cha Saskatchewan kiitwacho Togo. Mwenzangu alisoma mara mbili kuhakikisha. Mji mdogo wa wachimbaji, mwisho wa reli, uliishinda shule ya mpira yenye fedha kuliko zote. "Kampuni iliwapa vijana kazi mgodini," mzee alisema, "na ratiba ya kazi ikapangwa ili wapate muda wa mazoezi." Hapo nikaiona Mwadui kabisa.

Halafu akasimama mbele ya picha ya kijana mwenye mapengo, na sauti yake ikabadilika. Bobby Clarke alizaliwa Flin Flon 1949, baba yake mchimbaji. Alipokuwa bado mvulana madaktari walimkuta na kisukari cha kuchoma sindano kila siku, na wengi waliona mpira umekwisha. Msimu wa 1967 hadi 1968 alifunga mabao 51 na kutoa pasi za mabao 117 katika mechi 59. Aliyekuwa anayamalizia mengi ni Reggie Leach, kijana wa Ojibwe, kabila jingine la wenyeji wa asili, kutoka Riverton: mabao 87 msimu huohuo. Bombers wakawa mabingwa wa ligi ya magharibi 1969 na 1970.

Klabu kubwa ziliogopa ile sindano. Kocha wa Bombers, Pat Ginnell, akampeleka Clarke hadi hospitali ya Mayo Clinic, Minnesota, akapimwe, na madaktari wakasema akijitunza ataweza kucheza. Bado siku ya klabu za NHL, ligi kuu ya mchezo huu, kuchagua vijana, 1969, kila moja ilimpita. Philadelphia Flyers nao walimpita mara ya kwanza, wakamchukua zamu ya pili, wa 17. Akawa nahodha wao, akanyanyua Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi hiyo, 1974 na 1975, akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu. Leach alimfuata Philadelphia, na 1976 alifunga mabao 19 katika hatua ya mtoano, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa hatua hiyo ingawa timu yake ilifungwa fainali. Pasi zilezile za Whitney Forum. Mimi nina shangazi aliyekufa kwa kisukari akiamini ni hukumu, na nilisimama mbele ya picha ile muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Mambo hayakubaki hivyo. Miji mikubwa iliingia kwenye ligi, gharama zikapanda, na 1978 timu ile ikahamishiwa Edmonton. Watu wa Flin Flon wakaunda Bombers nyingine mwaka huohuo katika ligi ndogo zaidi, na tangu 1984 wanacheza ligi ya vijana ya Saskatchewan, ingawa uwanja wao uko Manitoba. Leo klabu ni mali ya wananchi. Ile bahati nasibu ya mlangoni ndiyo damu yake, pamoja na wadhamini wa mjini na akina mama wanaowapokea wachezaji majumbani, kwa sababu wengi wao wametoka mbali na wengine hawajawahi kulala nje ya kwao.

Na ni ligi ya mabasi. Mpinzani wa karibu kabisa yuko zaidi ya kilomita 300, kupitia msitu ambao simu haishiki. Nilimuuliza mzee kuhusu Humboldt. Akavua kofia. Tarehe 6 Aprili 2018 basi la Humboldt Broncos, wa ligi hiihii, likielekea Nipawin kwenye mechi ya mtoano, liligongana na lori kwenye njia panda. Walikufa watu 16. Siku zilizofuata nchi nzima watu waliegemeza magongo nje ya milango yao, taa zikiwa zimewashwa, kama vile kuna mtoto bado hajarudi.

Mgodi wa mwisho wa hapa ulifungwa Juni 2022. Mei 2025 moto wa msituni ukaukaribia mji, watu wote wakahamishwa kwa karibu mwezi mzima. Mji ukanusurika, lakini kijiji jirani cha Denare Beach kilipoteza nyumba nyingi. Nilimuuliza mzee kwa nini hakuhamia kwa watoto wake kusini. Akaninyooshea tiketi: "Nani atauza hizi?"

Mechi ilianza saa moja na nusu usiku. Tulipewa mablanketi na mama mmoja ambaye hatukumwomba. Ukiwa karibu, kitu cha kwanza ni sauti. Vyuma vya viatu vinakwaruza barafu kama kisu kinachonolewa, halafu kisahani cha mpira kinagonga mbao za pembeni na unasikia mlio ule kifuani. Visahani vinakaa kwenye friza kabla ya mchezo. Vikipata joto vinarukaruka. Wakati wa mapumziko Zamboni, mashine ya kulainisha barafu, ilipita ikimwaga maji ya moto, mvuke ukapanda hadi kwenye bendera za ubingwa, na mikwaruzo yote ikafutika. Nilidhani maji baridi yangefaa zaidi. Mama yule akanieleza kwamba ya moto huyeyusha juu kidogo, yakashikana na barafu ya chini, yakatulia laini.

Bombers walivaa jezi rangi ya damu ya mzee. Namba 14 wao, mdogo wa mwili, aliangushwa mara tatu palepale mbele yetu, na kila mara aliinuka kwanza kulitafuta gongo lake ndipo akatafuta pumzi. Walifungwa. Hakuna aliyetoka kabla ya filimbi. Mzee alituambia turudi Machi, wakati wa mtoano, maana timu ikifunga bao zuri kuna mtu hurusha mguu wa yule kulungu uwanjani, na ndiyo shangwe yao kubwa.

Asubuhi tulipita tena pale kumuaga. Basi lilikuwa linanguruma nje ya Whitney Forum, wanakwenda kucheza ugenini, moshi wake mweupe umetanda maegesho yote. Vijana walipakia mabegi makubwa kuliko wao. Mama aliyetupa mablanketi alikuwepo, amebeba boksi la chakula lililofungwa kwa taulo. Alimtafuta Namba 14, akamkabidhi, akamfunga zipu ya koti hadi kidevuni ingawa kijana alimpita kwa kichwa kizima. Kisha akaja dirishani kwetu na boksi la pili.

"Njia ni ndefu," alisema. "Mkifika mnipigie."

Mwenzangu aliandika namba yake kwenye karatasi ya chapati.