Jinsi nilivyoisoma safari ya Edmund Barker kuja Unguja

Kazi yangu ni kufasiri mikataba na hati za mahakama, na Kiingereza ndicho kinachonilisha. Kwa hiyo iliniuma sana nilipoishia ukurasa wa pili wa habari ya Edward Bonaventure, merikebu inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Waingereza kutia nanga Unguja. Nahodha wake alikuwa James Lancaster. Aliyesimulia safari hiyo ni msaidizi wake, Edmund Barker wa Ipswich, naye Richard Hakluyt akaichukua kutoka mdomoni mwake na kuichapa katika mkusanyo wake mkubwa wa safari za Waingereza, uliotoka London kwa juzuu tatu kati ya 1598 na 1600. Nilitaka kuzifasiri kwa Kiswahili zile kurasa chache zinazoihusu Unguja peke yake. Nilijiwekea wiki mbili, zikawa miezi minne.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa tahajia. Katika uchapaji wa wakati ule herufi u na v zilipokezana nafasi, i ilishika pia kazi ya j, na s ya katikati ya neno ilirefushwa hata ikafanana na f. Nakala niliyoipata kwanza kwenye intaneti ilikuwa imesomwa na mashine, na mashine hiyo ilikuwa imezigeuza s nyingi kuwa f, kwa hiyo bahari na merikebu zote zilikuwa hazitambulikani. Niliitupa, nikatafuta picha za kurasa zenyewe, kisha nikaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama marehemu bibi yangu alivyokuwa akisoma tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika hati zile be ileile huweza kuwa b, p au mb, na msomaji hulijua neno kwa kulisikia likitoka kinywani mwake. Baada ya siku kadhaa niliacha kuziona herufi, nikaanza kumsikia Barker mwenyewe akizungumza, jambo ambalo halikupasa kunishangaza, kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya mdomo kabla ya kuwa ya kitabu.

Kikwazo cha pili kilikuwa kikubwa zaidi, nacho ni lugha ya mabaharia. Barker anasema kwamba walikaa “in the road” hadi tarehe 15 Februari, nami kwa ujinga wangu nikaanza kutafuta barabara, kumbe ni mahali pa kutia nanga nje ya bandari. Kituo cha Wareno anakiita “Factorie”, na katika rasimu yangu ya kwanza Unguja ya karne ya 16 ilikuwa na kiwanda. Halafu radi iliupasua vibaya mlingoti mkuu, nao wakau-“fisht” kwa mbao za nchi kavu. Kamusi zangu zilinipa samaki tu.

Nilimpigia simu ami yangu, ambaye ujana wake wote aliumaliza katika majahazi. Nilimweleza kwamba mlingoti umepata ufa, mabaharia wakakata miti pwani, na sasa wanafanya kitu ambacho sikijui.

“Si wanauganga, mwanangu!” alisema, kana kwamba nimemuuliza jina lake. “Mlingoti ukipasuka unatiwa magango na kufungwa kamba, kama mguu uliovunjika.”

Tangu siku hiyo nilibadili utaratibu. Nilikuwa nikifasiri kisehemu kwa Kiswahili chochote kile, hata kibovu, kisha jioni namsomea Ami kwa simu na kumwacha akisahihishe. Tulipofika mahali ambapo Barker anasema kwamba kabla ya kuondoka walijipatia ratili elfu moja hivi za namna ya gundi ya kijivu na nyeupe iliyofanana na ubani, yenye kunata, ambayo ikiyeyushwa huwa nyeusi kama lami lakini ni nyepesi kuvunjika hata ikabidi waichanganye na mafuta, Ami hakungoja nimalize. “Sandarusi hiyo,” alisema, na akaanza kunieleza habari za deheni na sifa, mafuta yanayopakwa mbao za chombo, na jinsi chombo kinavyonuka siku kinapopakwa. Mafuta ya Barker, kwa taarifa yake, yalikuwa ya wizi: mitungi 300 waliyoipora katika merikebu moja karibu na Guinea, iliyokuwa ikielekea Brazili.

Vivyo hivyo kwa vyombo anavyoviita “Pangaias”, walivyovikamata karibu na Msumbiji wakiwa njiani kuja huku. Kila kimoja kina tanga moja la mkeka wa makuti, kimeshonwa kwa magome ya miti, kimepigiliwa vigingi vya mti na kukalafatiwa kwa makumbi ya nazi. Mtu yeyote aliyeuona mtepe, chombo cha kale cha kushonwa, uliokuwa umewekwa katika makumbusho ya Beit el Ajaib hapa Unguja, kabla ya sehemu ya jengo hilo kuporomoka mwaka 2020, atakitambua chombo cha ukoo huo mara moja. Ami alipinga neno moja tu, magome. Alisema kwamba mtepe hushonwa kwa kamba za makumbi, na kwamba Mwingereza yule hakukikaribia chombo vya kutosha. Nililiacha neno la Barker kama lilivyo, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kumfasiri, si kumsahihisha.

Lililotushughulisha kuliko yote ni kuondoka kwao. Walikuja wakiwa taabani. Merikebu tatu zilitoka Plymouth tarehe 10 Aprili 1591, lakini moja ilirudishwa na wagonjwa kutoka Afrika Kusini, nyingine ikapotelea katika tufani, na Ngazija ikawatoa roho watu zaidi ya 30 waliokwenda kuteka maji. Tarehe 7 Novemba wakageuza omo kuja Unguja, ambako waliunda mashua mpya, wakavua, wakala nazi, ng'ombe na kuku, na wakatengeneza merikebu yao. Kisha wakashika njia ya ncha ya kusini ya Bara Hindi.

“Mwezi gani?” Ami aliuliza.

Nilimjibu kwamba ni Februari, kwa kalenda ya zamani ya Waingereza, iliyokuwa nyuma ya ile ya Wareno kwa siku kumi, na ambayo mwaka wake mpya ulianza tarehe 25 Machi. Hayo yote hakuyajali. “Februari, kwenda Hindi? Hiyo kaskazi! Watu wanakuja nayo huku, hawaendi nayo huko.”

Niliendelea kusoma. Barker anaeleza kwamba mikondo iliwadanganya, na pepo za kaskazini-mashariki na mashariki ziliwabana wasiweze kujitoa, hata wakajikuta mbali na njia yao, kwenye “fourscore leagues” kutoka Sokotra. Hesabu hiyo inakwenda kwa ishirini-ishirini, kama korija zetu za nguo: korija nne, yaani ligi 80, ambazo ni maili za bahari zipatazo 240. Ami alicheka mpaka simu ikakatika. Ncha ile ya Bara Hindi waliizunguka mwezi Mei.

Palibaki mambo mawili ambayo hayakumchekesha. Wareno walikuwa wamewaambia watu wa pwani kwamba Waingereza ni wala watu. Waingereza nao walikamata chombo kimoja kilichokuwa na mtu wa dini, ambaye Barker anamwita “Sherife”. Sikuhitaji kamusi hapo. Anasema kwamba walimtendea sharifu huyo kwa adabu kubwa, na katika sentensi hiyohiyo anaeleza kwamba mfalme alitoa chakula cha miezi miwili ili aachiwe, na muda wote huo walikuwa naye merikebuni. Adabu ya namna hiyo Ami aliipa jina ambalo siwezi kuliandika.

La pili lilitokea siku sita kabla ya kung'oa nanga. Mkuu wa kituo cha Wareno alimwandikia nahodha barua ya kirafiki, akiomba mtungi wa divai, mtungi wa mafuta na ratili mbili tatu za baruti. Barua ililetwa kwa mtumbwi na watu wawili: Mwislamu wa pwani, na mtu mweusi aliyekuwa mtumishi wa Mreno huyo. Vitu vilivyoombwa walimpa yule wa kwanza avipeleke. Wa pili, kwa kuwa walisikia kwamba alikwisha fika India na anaijua kidogo nchi ile, waliondoka naye. Kitenzi cha Barker hapo ni chepesi sana. Niliandika “tulimchukua”. Ami akasema niandike “tulimwiba”. Tulivutana juu ya neno hilo kwa siku tatu, na katika nakala niliyomaliza limebaki “tulimchukua”, kwa sababu ndivyo Barker alivyotaka kusikika.