Nimerudi Jinja kutafuta sauti ya maji

Miezi minne hadithi moja ilikua imenikwama. Ni ya kijana wa Jinja, Uganda, anaeshuka maporomoko ya Bujagali kwenye mto Nile amekumbatia jerikeni tupu, wazungu wamesimama kwenye mawe wanapiga picha, akiibuka kule chini anapita na kofia kukusanya pesa. Mwanzo wake nimeuandika mara tisa chumbani kwangu Namuwongo, Kampala, na kila nikiusoma naona maji yapo, kijana yupo, ila hakuna anaelowa. Hiyo iliniuma sana maana huyo kijana ni kaka yangu, nimemuona kwa macho yangu akiifanya hiyo kazi mimi nikiwa na miaka kumi na moja.

Basi Ijumaa moja nikabeba daftari nikasema wacha niende nyumbani.

Nyumbani ni Walukuba, Jinja. Pale taksi paki ya zamani Kampala nikapata gari ya Jinja, nauli elfu kumi na tano, konda ananiambia dada kaa mbele tunatoka saa hii hii, na wote tunajua gari haitoki mpaka ijae. Ikajaa. Ni kilomita kama 80 tu lakini jam ya Kireka na Bweyogerere ikatula masaa mawili, mimi sikua na haraka, nilikua nimeshaanza kuandika. Kufika Namawojjolo wale vijana wa muchomo, nyama choma, wakaja mbio, kila mmoja anasukuma vijiti vyake dirishani, kuku, maini, gonja, zile ndizi za kuchoma, mmoja mkono umejaa mafuta mpaka kwenye kiwiko. Nikanunua gonja mbili nikaandika: mafuta mpaka kwenye kiwiko. Hapo ndo nikaanza kuona kosa langu la Namuwongo, kule nilikua naandika "mto mkubwa unaonguruma", maneno ambayo mtu yeyote anaweza kuyaandika bila kuuona mto wowote.

Halafu Mabira. Ukiingia msitu wa Mabira unajua hata kama umefumba macho, hewa inapoa ghafla, harufu ya majani yaliyooza na udongo uliolowa inajaa gari nzima na watu wanapunguza sauti bila kuambiana. Mama mmoja nyuma yangu akafunga dirisha, mtoto wake akalifungua tena, wakaenda hivyo hivyo mpaka msitu ukaisha.

Ukishapita Njeru, Nile hiyo hapo. Daraja jipya lilifunguliwa Oktoba 2018, mita 525, limening'inizwa kwa kamba za chuma, usiku linawaka taa, zuri kweli na nalipenda. Ila sisi tuliokulia pale tulizoea kupita juu ya bwawa lenyewe, Nalubaale, lile lililozinduliwa 1954 likiitwa Owen Falls, na babu yangu alitoka Usamia, kule mpakani na Kenya, akaja Jinja kubeba zege ya hilo bwawa. Babu alikua anatuambia kabla maji hayajafungwa, ukilala Jinja usiku ulikua unaisikia Ripon, yale maporomoko ambayo Speke, mpelelezi Mwingereza, aliyafikia 1862 akayapa jina la mzungu mwenzake wakati Wasoga wako nayo miaka na miaka na mto wao wanauita Kiyira. Bwawa lilipojaa Ripon ikazama. Jinja maana yake ni jiwe, na mawe ya Ripon yako chini ya maji mpaka leo.

Mimi Ripon sijawahi kuisikia hata siku moja. Lakini babu alikua anaiigiza, anakunja kiganja mbele ya mdomo anavuma taratibu, vuuuu, muda mrefu mpaka pumzi inaisha, halafu anasema, "Hiyo ndiyo ilikua inanilaza wajukuu zangu." Kwa hiyo nina sauti ya maporomoko kichwani ambayo ni ya mdomo wa babu, na kila nikiandika maji ndiyo inayonijia kwanza. Nafikiri ndo maana siwezi kuuandikia mto mwingine, Kagera nimefika, ni mto mzuri lakini hauniambii kitu.

Jioni nikafika kwa shangazi. Walukuba ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi enzi za wakoloni, viwanda vilipofunguliwa watu wakaja kutoka kila kona, Waacholi, Wateso, Walugbara, Wasamia, Wajaluo kutoka Kenya, nyumba zimebanana, choo mnachangia, sasa mtagombana na kusalimiana kwa lugha gani kama si Kiswahili? Ndo lugha niliyoanza kuota nayo. Watu Kampala wananiuliza kwanini naandika Kiswahili na Uganda nani atakisoma, wengine wananikumbusha kwamba kimeingia kwenye katiba tangu 2005 kama lugha rasmi ya pili na baraza la mawaziri likakipitisha tena 2022, sawa, nashukuru, ila Walukuba haikungoja karatasi. Mimi nikitaka kuandika mama anaemfokea mtoto, namsikia jirani wa block ya pili, Mlugbara, "Wewe toto, kuja hapa, ntakula wewe mzimamzima!" Hiyo sentensi huwezi kuisahihisha sarufi ukabaki na yule mama.

Shangazi alikua anakaanga mukene, wale dagaa wa ziwani, na kikaango chake ni kile kile kilichokatika mpini. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia ninaandika habari za kaka na Bujagali. Akacheka, akageuza mukene, akasema, "Andika na zile noti. Mama yenu Jumamosi akienda Masese kununua samaki noti zake zinanuka mafuta ya taa, mpaka mwenye samaki anazinusa kwanza ndo anaweka mfukoni." Nikamuuliza kwanini zinanuka. Akasema, "Mimi nitajuaje mwanangu? Muulize kaka yako." Sikuelewa, nikaandika tu.

Hapa niseme kitu nilichojifunza kwa Okot p'Bitek, mshairi wa Gulu, ambae shairi lake refu Song of Lawino lilitoka kwa Kiingereza 1966 lakini alikua amelitunga kwa Kiacholi kwanza. Ukilisoma unakutana na jiko la mama, vyungu, jiwe la kusagia, kila kitu kina jina lake na mahali pake, hakuna "Afrika" ya jumla jumla. Mimi nilikua na mto wa jumla. Nilihitaji kikaango kisicho na mpini.

Jumamosi asubuhi nikachukua boda mpaka Bujagali, tukapita Kimaka kisha barabara ya Budondo, vumbi jekundu, kahawa imeanikwa kwenye maturubai pembeni. Nilijua nachoenda kukiona ila moyo ulinidunda vile vile. Maporomoko hayapo. Bwawa la Bujagali lilizinduliwa 2012, umeme megawati 250 na nchi inauhitaji, sipingi hilo, lakini pale ambapo maji yalikua yanachemka meupe kwenye ngazi za mawe sasa ni ziwa limetulia kama chai kwenye sahani. Mnandi wamekaa kwenye miti iliyokufia majini wanaanika mabawa. Wasoga wanasema Budhagali, mzimu wa mahali pale, alikua anakaa kwenye yale maporomoko, na kabla ya kufurika zilifanyika ibada za kumhamisha. Mzee mmoja alikua anatengeneza nyavu kando ya maji nikamsalimia nikamuuliza ile sehemu ya kurukia ilikua wapi. Akanyoosha kidole katikati ya ziwa bila kuinua kichwa. "Pale mwanangu. Chini."

Nikakaa kwenye nyasi nikampigia kaka. Yuko Juba siku hizi, anaendesha lori. Akapokea, "Uko wapi wewe mbona kuna upepo?" Nikamwambia niko Bujagali. Akanyamaza muda mpaka nikadhani laini imekatika, halafu akauliza, "Ule mwembe upo?" Hakuna mwembe, nikamwambia. Akasema eeh, sawa.

Nikamuuliza kitu ambacho miezi minne sikuwahi kufikiria kumuuliza, nikiwa Namuwongo nilijiona najua yote kwa sababu niliona. Nikamwambia kaka, ukiwa ndani ya maji ulikua unasikia nini?

Akasema, "Maji huyasikii. Watu wanadhani unasikia maji. Unakumbatia jerikeni hivi, kifuniko umekaza na mpira, shavu umelilaza kwenye plastiki, kwa hiyo sikio lako liko ndani ya jerikeni. Unasikia utupu. Kama mtu analia kwenye nyumba ambayo wamehama. Nje wazungu wanapiga makelele, wewe unasikia hiyo tu mpaka unafika chini."

Kisha akasema, "Na harufu. Ile ilikua jerikeni ya mama ya mafuta ya taa. Jumamosi namwaga yaliyobaki kwenye chupa ya soda, naificha nyuma ya choo, jioni narudisha. Suruali inanuka, mikono inanuka, mpaka pesa."

Mama alifariki bila kumuuliza hata siku moja. Nikamuuliza kaka kama anadhani alijua. Akasema, "Jerikeni lake, unadhani?" Halafu akasema kuna askari anasimamisha magari mbele, atanipigia.

Nilikaa pale mpaka mzee wa nyavu akaondoka. Nikafungua daftari, kurasa za Namuwongo nikazikunja upande, nikaanza mara ya kumi, na safari hii sikuanza na mto. Nilianza na mama Masese Jumamosi jioni, kanga imelowa pembe, ameshika noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne, na mwenye samaki ananyoosha mkono, anaichukua, anaipeleka puani.