Vipindi arobaini kwenye flashi moja ya shangazi

Shangazi yangu anakaa Pangani, mimi niko Tanga mjini. King'amuzi chake kilikufa mwaka jana na hataki kusikia habari ya kununua kingine. Ila kuna tamthilia moja ya saa tatu usiku iliyokuwa imemkamata, na mafundi walipomwambia king'amuzi hakitengenezeki, simu ya kwanza ilikuja kwangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wewe si una hicho kidude cha kurekodi? Nirekodie mwanangu, unitilie kwenye flashi, umpe konda wa gari la asubuhi."

Televisheni yake ina tundu la USB, flashi anayo, magari ya Pangani yapo kila siku. Nikaona ni kazi ya dakika tano.

Ninatumia king'amuzi cha dishi, cha chaneli za bure. Ukichomeka hadi diski (hard disk, kile kisanduku cha kuhifadhia mafaili) nyuma yake na kubonyeza kitufe chekundu kwenye rimoti, kinarekodi. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Tanzania, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, kinachotufikia nyumbani ni data iliyokwisha kubanwa huko kituoni, na king'amuzi kinaipokea na kuimwaga kwenye diski jinsi ilivyo. Hakipunguzi kitu. Kipindi cha saa moja pamoja na matangazo yake kilikuwa faili la .ts lenye GB 1.6. Vipindi vyenyewe ni arobaini, kwa hiyo zidisha mara arobaini, ni GB 64. Flashi ya shangazi ni ya GB 16, na ukiichomeka kwenye kompyuta inakuonyesha chini ya 15.

Hapo nilikuwa na bahati moja: rekodi za king'amuzi hiki zinafunguka kwenye kompyuta. King'amuzi changu cha kabla ya hiki kilikuwa kinafunga rekodi zake kwa ufunguo wake chenyewe, hazifunguki kwenye kompyuta wala kwenye king'amuzi kingine hata cha aina ile ile. Kilipoungua, kikafa na rekodi zangu zote za miaka miwili. Kwa hiyo ukitaka kuanza kazi hii, rekodi dakika mbili kwanza, hamishia kwenye kompyuta, uone kama zinafunguka.

Jaribio langu la kwanza naona aibu kulisema. Nilibadilisha jina la faili, .ts nikaandika .mp4, nikangoja lipungue. Halikupungua hata punje. Herufi zile za mwisho ni jina la kifungashio tu. Uzito unaamuliwa na namna picha ilivyobanwa humo ndani, na chaneli ile bado ilikuwa inarusha kwa MPEG-2, ufundi wa miaka ya 1990. H.264, ambayo simu na televisheni nyingi za leo zinaielewa, ilitoka mwaka 2003, na H.265 ikafuata mwaka 2013. Kila moja inaingiza picha ile ile katika nafasi ndogo kuliko iliyoitangulia, ila kompyuta inatoka jasho zaidi kuitengeneza.

Nikapakua HandBrake, programu ya bure, nikachagua H.265 kwa sababu ndiyo mpya. Kipindi kikashuka hadi MB 200 na kidogo. Nilifurahi! Nikageuza vipindi kumi, laptopu ikinguruma usiku kucha kama mashine ya kusaga, asubuhi nikampa konda flashi. Saa nane mchana simu ikaita.

"Mwanangu, watu nawasikia wanagombana lakini siwaoni. Umeniletea redio?"

Televisheni yake ni ya zamani, haiijui H.265. Sauti imepita, picha imebaki njiani. Usiku mzima wa umeme wa LUKU umekwenda bure, na kosa ni langu, maana nilikuwa nimejaribu kwenye simu yangu, siyo kwenye kitu chake. Safari iliyofuata nilimtumia kwanza kipande cha dakika moja kwa namna tatu tofauti, nikamwambia anitajie ipi inaonekana. Akasema ya pili. H.264 ndani ya MP4, sauti ya AAC, picha kwa ukubwa wake wa awali wa 720 kwa 576.

Basi nikageuza tena. Picha zikaja, ila mtu akipunga mkono, mkono unakuwa na mistari ya mlalo kama meno ya chanuo. Hii ilinisumbua wiki nzima, kwa sababu kwenye king'amuzi haionekani. Sababu yake ni ya tangu enzi za televisheni za kioo kinene: kituo hakirushi picha nzima 25 kwa sekunde, kinarusha nusu-picha 50, mistari ya shufwa kwa zamu na ya witiri. Televisheni inajua kuziunganisha. Ukizibana zikiwa zimechanganyika hivyo, nusu mbili za nyakati mbili zinagandishwa pamoja, na chochote kinachotembea kinapata meno. HandBrake ina sehemu ya vichujio na humo kipo cha kuondoa mistari hiyo. Ukishakiwasha, chanuo linapotea, na faili nalo linapungua kidogo, kwa kuwa programu haihangaiki tena kuhifadhi yale meno.

Lililobaki lilikuwa hesabu. Nikikata matangazo, kipindi kinabaki dakika 45. Nikitaka vipindi 40 viingie kwenye GB 14, kila kimoja kisizidi MB 350. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo MB 350 ni biti milioni 2,800, gawa kwa sekunde 2,700, unapata takribani megabiti moja kwa sekunde, sauti ikiwemo. Kwa mpira hiyo ni kidogo, nyasi zingegeuka uji wa kijani. Lakini tamthilia ni watu wamekaa kwenye makochi wanalaumiana, picha haiendi popote. Sauti nikaipa kilobiti 96 na picha ikachukua zilizobaki. Kwa televisheni ya inchi 24 sikuona tofauti ya kunifanya nilalamike.

Matangazo niliyakata kwa LosslessCut kabla ya kubana. Programu hii haibani upya, inakata tu, kwa hiyo inamaliza kwa sekunde chache. Ubaya wake ni kwamba haikati popote utakapo, inasubiri mahali penye picha kamili, kwa sababu picha nyingi katika video ni maelezo tu ya kilichobadilika tangu picha iliyopita. Mara nyingine unabaki na nusu sekunde ya tangazo la sabuni. Shangazi hajawahi kulalamikia sabuni.

Jumamosi marudio hupigwa mfululizo kwa muda wa saa tatu, na hapo nikakuta rekodi imekatwa vipande viwili. Hadi diski nilikuwa nimeiformati kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo king'amuzi kinafungua jingine. Nilidhani itakuwa taabu, lakini .ts ina uungwana wake: imetengenezwa kwa vipakiti vidogo vya baiti 188, ili mtu anayewasha televisheni katikati ya kipindi apate picha hapo hapo. Kwa hiyo unaweza kuvibandika vipande kimoja nyuma ya kingine kwa amri ya kawaida ya kunakili, na video ikaendelea kama haikukatika. Usijaribu hivyo kwa MP4.

Na MP4 ilinifunza jambo jingine siku umeme ulipokatika wakati HandBrake imefika asilimia 97. Betri ya laptopu yangu ilishakufa kitambo. Nikajisemea basi, nimekosa dakika moja ya mwisho tu. Faili likagoma kufunguka kabisa. Fahirisi yake, ile inayoonyesha kila picha iko wapi, huandikwa mwishoni kazi ikiisha, na bila hiyo ni rundo la data lisilo na mlango. Siku hizi vipindi napanga kwenye foleni ya programu kimoja kimoja, nikiondoka nayo inaendelea. Kwa laptopu yangu kipindi kimoja kinachukua kama dakika 25, na umeme ukikatika napoteza kimoja, siyo kumi.

Flashi ilikwenda Pangani ikiwa na vyote arobaini, na nafasi ikabaki kwa nyimbo kadhaa za taarabu nilizotia kama nyongeza. Zikapita siku nne kimya. Ya tano, baada ya isha, akapiga. Kipindi cha arobaini kimekatika mama mkwe akiwa ndiyo kwanza anafungua bahasha.

Nikarudi kwenye faili la asili. Nashukuru nilikuwa sijalifuta, maana kilichobanwa hakirudishiki. Baada ya matangazo ya mwisho kulikuwa na dakika mbili zaidi ambazo mimi, kwa haraka zangu, nilidhani ni majina ya waigizaji. Nikazikata, nikazibana kwa vipimo vile vile, zikatoka MB 15, nikamtumia kijana wa jirani yake kwa WhatsApp ampelekee simu akaone.

Nilimsikia kwa mbali akiguna, kisha akachukua simu. "Kumbe barua yenyewe haina kitu," akasema. "Haya, inayofuata inaanza lini?"